Uani, barazani au ndani: uanike wapi nguo Arusha na Moshi miezi ya baridi

Jinzi moja ya mume wangu iliwahi kukaa kambani siku tatu. Ilikuwa mwezi wa saba, huku kwetu Ilboru, Arusha, na kila jioni nikienda kuishika naikuta miguu imeanza kukauka, ila kiuno na mifuko bado vibichi kama vilivyotoka kwenye beseni. Siku ya tatu nikaiingiza ndani. Siku ya nne ikaanza kunuka, ule uvundo wa tambara la kudekia lililosahauliwa nyuma ya mlango. Nikaifua upya, huku nimenuna.

Wiki hiyo hiyo wifi yangu anayekaa Moshi, Pasua, akaniambia kwenye simu kwamba ameanika mashuka saa nne asubuhi na saa tisa ameshaanua. "Wifi, nyie huko mnaanikia kwenye friji nini?" Akacheka mpaka akakohoa.

Nilichukia, ila alinipa kazi ya kufikiri. Kutoka kwangu mpaka kwake ni kama kilomita 80 tu. Sabuni tunatumia ile ile, na mashuka yenyewe tulinunua pamoja pale soko la Memorial, Moshi, siku nilipomtembelea. Kilichotofautiana ni mahali. Tangu hapo kila baridi ikiingia naanika kwa kujaribu: uani, barazani, chumbani, kwa hanga, bila hanga. Msimamo nimeupata, na nausema mapema ili asiye na muda aende zake. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, kwa mtu wa Arusha, baraza inayopitiwa na upepo inaishinda kamba ya uani, na zote mbili zinakishinda chumba kwa mbali. Kwa mtu wa Moshi mjini, kamba ya uani bado haina mpinzani. Anayekaa juu mlimani, Kibosho au Marangu, asome ya Arusha, aongeze na subira.

Baridi inasingiziwa

Tumezoea kusema nguo hazikauki kwa sababu ya baridi. Sio kweli yote. Norway na Kanada wako watu wanaoanika nje wakati wa theluji. Suruali inaganda kambani, ukiishusha inasimama yenyewe kama ubao, na bado inakauka, maana barafu iliyomo kwenye kitambaa hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza. Inachukua muda wake, lakini inakauka, kwa sababu hewa yao ya baridi kali mara nyingi ni kavu na inatembea. Arusha hakuna kuganda. Usiku wa Julai ni nyuzi 12 au 13 hivi, mchana 20 na kitu. Shida yetu ni hewa iliyoshiba.

Hewa hubeba maji kama gunia linavyobeba mahindi, na gunia lenyewe husinyaa kadiri baridi inavyozidi. Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba kama gramu 30 za mvuke kwa kila mita moja ya ujazo. Ya nyuzi 20 inabeba 17. Ya nyuzi 10 inabeba 9 na kidogo. Likishajaa, hata ukianika kitambaa cha mkono hakikauki, kwa sababu maji hayana pa kwenda.

Sasa miezi hiyo upepo wa kusi unatoka Bahari ya Hindi na unyevu wake. Unakuja kukutana na Mlima Meru, mita 4,562, na hauna njia ila kupanda. Ukipanda unapoa, gunia linasinyaa, mvuke unageuka wingu, na wingu linatulia juu ya Ilboru, Sakina na Moshono kama chandarua. Ndiyo yale manyunyu ya asubuhi ambayo hujui ufungue mwavuli au uache. Usiponiamini panda gari la kwenda Namanga: ukishafika Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima, mawingu yanabaki mgongoni na jua linakupiga usoni. Mlima ni ule ule, ubavu ndio mwingine.

Kilimanjaro nao hufanya vivyo hivyo, na upande wake wa kusini ndio wenye mvua nyingi. Lakini Moshi mjini iko chini miguuni, mita 800 hadi 900 hivi kutoka usawa wa bahari, wakati Arusha mjini inakaribia 1,400. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka nyuzi sita na kitu, kwa hiyo wifi yangu ananizidi kama nyuzi tatu kabla hata jua halijatoka. Sio kwamba Moshi hawana mawingu Julai. Wanayo, na asubuhi nyingi mlima wenyewe hauonekani. Ila wingu lao liko juu ya Kibosho, na la kwetu liko juu ya kamba.

Kamba ya uani

Uzuri wake kila mtu anaujua. Ni bure, ina nafasi, upepo unapita pande zote, na jua hufanya kazi ambayo sabuni haifanyi: huua vijidudu, hupausha madoa kwenye nepi na mashuka meupe, huondoa harufu. Nguo iliyokauka juani ina harufu yake ambayo hakuna sabuni ya maua iliyowahi kuiiga.

Kwa Arusha ya Julai dirisha la jua ni dogo. Siku nyingi wingu huanza kupasuka saa sita au saa saba mchana, na ikifika saa kumi na moja joto limeshaondoka. Ukiwa kazini siku nzima, hujui nguo zako zimepata saa nne za jua au dakika ishirini. Ukiwa nyumbani ndiyo mbaya zaidi, maana unashinda unaanika na kuanua. Manyunyu haya, anua. Yamekwisha, anika. Nimewahi kuhesabu safari tano siku moja, nikawa nimechoka kuliko aliyefua.

Kuna jambo moja la jua ambalo nililigundua kwa kuchelewa. Kamba yangu iko nyuma ya nyumba, upande wa kusini. Desemba inapigwa jua hadi nguo zinakuwa ngumu. Julai iko kivulini, nami nikawa nalaumu mawingu. Kumbe sisi tuko kusini ya Ikweta, kama digrii tatu na nusu, na mwezi wa sita na wa saba jua la mchana linapita upande wa kaskazini, sio juu ya utosi. Ukuta wa mita tatu unatupa kivuli cha mita moja na nusu upande wa kusini hata saa sita na nusu mchana, jua likiwa juu kabisa. Nyumba ya ghorofa, usiseme. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, toka mchana uone kivuli kinaangukia wapi. Mimi nilihamisha nguzo moja hatua nne tu, ikawa kama nimehamia mtaa mwingine.

Jioni usisubiri. Jua likizama, usiku ukiwa hauna mawingu, umande unashuka na nguo inarudishiwa yale maji iliyoyaacha mchana. Saa kumi na moja kila kitu kiwe ndani, kilichokauka na ambacho hakijakauka.

Halafu yapo ya uani ambayo hayahusiani na baridi, ila lazima yaingie kwenye mizani. Mgomba usiguse nguo. Utomvu wake ukiwa mbichi hauonekani, ukikauka unakuwa doa la kahawia ambalo utalivaa mpaka nguo ichanike; nina shati la kanisani lenye ramani hiyo begani. Seng'enge inaacha kutu na inatoboa. Kunguru nao wana tabia zao. Mbuzi wa jirani aliwahi kula ncha ya kitenge changu, akaacha mshono tu, na mwenye mbuzi akaniuliza kwa nini nimeanika chini. Moshi wa taka zinazochomwa jioni unaingia kwenye sweta na hautoki bila kufua tena. Na kwenye nyumba za kupanga za ua mmoja, familia sita kamba mbili, kuna siasa: nguo zako zitasogezwa, zitapandishiwa blanketi la mtu, na vibanio vyako vitahama kidogo kidogo.

Na yuko inzi mmoja wa kumwangalia, hasa maeneo ya chini yenye joto. Hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa kwenye majani, na kibuu chake huingia kwenye ngozi kikaota kama jipu. Anayetandaza nguo za mtoto juu ya nyasi anamtengenezea njia. Dawa yake ni pasi ya moto pande zote mbili, ukikazania mishono na lastiki, au kuziacha nguo zikae wiki mbili kabla ya kuvaliwa, jambo ambalo kwa mwenye nepi sita haliwezekani.

Barazani

Kwa baraza nasema sehemu yoyote yenye paa na isiyo na kuta zote: veranda, korido ya wapangaji, chini ya bati la gereji, hata banda la kuku lililobaki tupu. Watu hupaona kama pa kujihifadhi tu mvua ikinyesha. Kwa Arusha ya baridi mimi ndipo ninapoanzia.

Hesabu ni rahisi. Uani nguo inapata saa chache za jua ikibahatika, na manyunyu kila mara. Barazani haipati jua, lakini hainyeshewi, haipati umande, na inaweza kukaa usiku na mchana, saa 24 mfululizo, ikiguswa na upepo. Nguo isiyorudishiwa maji inakwenda mbele tu. Ile jinzi ya siku tatu kambani, niliporudia barazani kwa namna ninayoieleza hapa, ilikauka kwa siku moja na nusu bila jua hata punje, tena bila uvundo.

Ila baraza ina masharti. La kwanza ni upepo. Milimani, mchana hewa hupanda mteremko, usiku hushuka. Kwa sisi tunaokaa ubavu wa kusini wa Meru, upepo wa mchana unatoka upande wa mjini kwenda juu, kwa hiyo baraza inayotazama kusini ndiyo inayopumua. Ajabu ni kwamba huo ndio upande usio na jua Julai. Kwa hiyo kaskazini kamba, kusini baraza, na mwenye vyote amebarikiwa. Kama hujui baraza yako inapumua au la, funga kipande cha uzi darini, ukitazame mchana. Uzi ukining'inia wima siku nzima bila kutikisika, hapo ni stoo, sio baraza.

La pili ni nafasi. Nguo mbili zikigusana, zile sehemu zinazogusana hazikauki. Mimi naacha upana wa kiganja kati ya hanga na hanga. Watu wanabana nguo ishirini kwenye kamba ya nguo kumi halafu wanasema baraza haifai.

La tatu ni namna ya kutundika. Jinzi haitundikwi kwa kukunjwa katikati. Igeuze ndani nje, mifuko itokeze kama masikio ya sungura, ibane kiunoni kwa vibanio vinne ili kiuno kibaki wazi kama mdomo wa ndoo, upepo uingie uteremke miguuni. Shati liingie kwenye hanga, vifungo wazi. Shuka usilikunje sawa kwa sawa. Upande mmoja uwe mfupi ili pindo zisilaliane. Na kila baada ya saa kadhaa shika pindo la chini, likamue kwa vidole, maana maji yote ya nguo huwa yameteremka yanasubiri pale. Ukiisaidia nguo kutoa matone hayo mara mbili tatu, umeokoa nusu siku.

Sharti la nne ni mwenye nyumba. Wa kwangu wa zamani hakutaka kuona nguo mbele ya baraza, anasema zinafanya nyumba ionekane hosteli. Tukakubaliana nguo za ndani zikae nyuma.

Ukiwa na uwezo kidogo, funika sehemu ya ua kwa mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, ukiacha pembeni wazi. Hapo unapata jua bila manyunyu, upepo bila umande. Katika yote niliyojaribu hilo ndilo bora, na nimeliona kwa jirani tu, sijalijenga bado.

Ndani

Hapa nitawaudhi watu, maana najua nusu ya Arusha mwezi wa saba inalala chini ya kamba ya soksi.

Chukua chumba cha futi kumi kwa kumi, dari ya kawaida. Ni kama mita 25 za ujazo. Hewa yake yote, kwa nyuzi 20, ikishiba kabisa inabeba gramu 425 za mvuke. Lakini haianzi tupu. Siku za baridi kwetu ukisema imeshajaa kwa asilimia 70 hujakosea sana. Inabaki nafasi ya gramu 125 hivi, nusu ya kikombe cha chai. Taulo moja la kuogea lililokamuliwa kwa mikono lina maji zaidi ya nusu lita. Kwa hiyo ukifunga dirisha na mlango, chumba kinashiba kabla taulo halijafika robo ya safari. Maji yanayobaki yanakwenda ukutani, kwenye kona nyuma ya kabati, kwenye godoro. Ule ukungu mweusi unaouona mwezi wa nane ukisogeza kitanda ndio nguo zako za Juni. Mwenye pumu au mtoto mdogo hapaswi kulala humo.

Je, ndani hapafai kabisa? Panafaa kwa kumalizia. Nguo iliyofikia robo tatu barazani, imebaki na ubaridi tu kwenye mishono, ingiza ndani usiku kwenye stendi, dirisha wazi kidogo. Feni inasaidia kuliko watu wanavyodhani; haileti joto, ila inaondoa ile hewa iliyoshiba inayoganda juu ya kitambaa. Feni bila dirisha wazi, unazungusha uji kwenye sufuria.

Moshi mjini, ndani ni afadhali kidogo kwa sababu ya joto, lakini huko mtu anaanika ndani kwa ajili gani? Labda wezi.

Jiko, friji na pasi

Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, eti kukausha sare za watoto: hapana. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inamlaza mtu usingizi na haimwamshi. Sweta la shule likivaliwa bichi mtoto atasikia baridi mpaka saa nne. Tofauti ni kubwa mno hata kuilinganisha sioni sababu.

Nyuma ya friji, sote tumepitia. Soksi mbili zinakauka kweli, kwa sababu friji hutupa joto lake pale. Ila ukizijaza, joto linakosa pa kutokea, mota inazunguka muda mrefu zaidi, nawe unalipa kwenye luku. Soksi mbili, sawa. Familia nzima, hapana.

Pasi inafaa kwa kola, pindo na mifuko, sio kwa kukaushia nguo mbichi. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula karibu robo tatu ya uniti ya umeme hata kama pasi isingepoteza joto lolote, nayo inapoteza jingi. Na nguo inayokaushwa kwa pasi hung'aa magotini kama suruali ya mwalimu mstaafu.

Kabla ya kuchagua mahali, kamua

Jambo hili ndilo lililonibadilisha kuliko yote, na lilianzia dukani kwa Mangi. Nilikuwa nimebishana na jirani kama kukamua kwa mashine kuna faida, nikachukua mataulo matatu yanayofanana, nikaenda nayo kwenye mizani ya Mangi yule anayepimia sukari. Aliniangalia, akaangalia ndoo. "Mama, siku hizi taulo unauza kwa kilo?"

Kavu, taulo lilikuwa nusu kilo. Lile nililolikamua mwenyewe lilisoma kilo moja na gramu 200. La pili tulilikamua watu wawili, mimi huku, kijana wangu kule, tukalisokota mpaka likajipinda kama andazi: kilo moja na gramu 50. La tatu lilipita kwenye mashine ya jirani, ile ya matenki mawili, upande wa kukamulia, dakika tano: gramu 800. Yaani langu lilikuwa na gramu 700 za maji, la mashine 300. Kabla hatujaongea habari ya uani wala baraza, taulo moja lilikuwa limeshapunguziwa zaidi ya nusu ya safari. Mataulo yote matatu nikayatundika barazani saa tano asubuhi. La mashine nililianua jioni ile ile. Langu lilimaliza kesho yake mchana.

Na umeme wa dakika tano hizo haufiki hata sehemu moja ya hamsini ya uniti. Kulitoa tone kwa kulizungusha ni rahisi kuliko kulichemsha. Kwa hiyo mwenye akiba akiniuliza anunue mashine ya kukaushia kwa joto au ya kukamulia, simwachi amalize swali. Ya joto inakula uniti mbili hadi nne kwa mzigo mmoja, na umeme ukikatika katikati unabaki na furushi bichi lenye joto. Ya kukamulia inatosha, na baraza inamalizia bure.

Asiye na mashine asikate tamaa. Tandaza taulo kavu, laza sweta juu yake, viviringishe pamoja kama mkeka, kisha mwite mtoto akanyage kutoka mwanzo hadi mwisho. Watoto wanaipenda kazi hii kuliko zote za nyumbani. Shuka na mapazia, watu wawili. Jinzi, itundike ikidondosha matone nusu saa, ishushe, ikamue tena miguuni, ndipo uitundike rasmi.

Dobi simjadili sana. Wenye mashine za kukaushia wapo mjini, na kwa suti au pazia la sebule wiki ya harusi ni ukombozi. Ila muulize nguo zinakaukia wapi, maana wengine wanakupokea kwa tabasamu halafu wanakwenda kuanika uani kama wewe.

Nikiwa na beseni mbele yangu

Mashuka na nepi ndizo nguo ninazozipigania jua. Nazifua usiku au alfajiri, nazikamua watu wawili, nazisubirisha barazani, na wingu likipasuka tu nazikimbiza uani. Kanga, kitenge chepesi na shuka za kimasai popote zinakauka, hata siku ya ukungu, kwa kuwa ni nyepesi na nyingi ya hizo shuka nyuzi zake hazinywi maji kama pamba. Nguo za rangi kali ziko barazani mwaka mzima, jua halizitakii mema. Jinzi na mataulo, barazani kwa lazima, na kamwe sio zaidi ya jinzi mbili kwa siku. Kufua jinzi tano Jumamosi moja ya Julai ni kujitafutia uvundo. Ikishavunda, kuianika tena hakusaidii, irudishe kwenye maji ya moto na sabuni.

Sare za shule zinafuliwa Ijumaa mtoto akivua tu, sio Jumapili. Sweta la sare usilitundike kwa mabega, litarefuka liwe gauni. Lilaze juu ya kamba mbili zilizo sambamba, mikono ikining'inia katikati. Ikitokea Jumapili jioni ndiyo umekumbuka, basi ni taulo, kukanyaga, baraza usiku kucha, na asubuhi pasi kwenye pindo za mikono na shingo peke yake.

Wifi yangu Pasua hayamhusu mengi ya haya. Yeye anaanika saa nne, anaanua saa tisa, shida yake ni vumbi la barabara na jua la mwezi wa pili linalopausha vitenge vyake, na hapo ndipo huwa namshauri ageuze ndani nje. Mwaka juzi alikuja kututembelea Agosti. Akafua kitenge chake alichosafiria, akakitundika uani saa kumi jioni kwa mazoea ya kwao, akalala. Asubuhi akakishika, akaniita.

"Wifi, usiku mvua imenyesha?"

"Hapana wifi, haijanyesha."

Akakinusa, akakikamua, kikatoa maji. Akakileta barazani mwenyewe bila kuambiwa.

Limebaki blanketi. Yale ya manyoya ya plastiki, mashine ikiyakamua yanakauka siku moja, hayana neno. Lakini blanketi zito la pamba mimi silifui kati ya Mei na Septemba. Siku jua likitoka nalitandaza kwenye kamba ya uani saa saba, nalichapa fimbo vumbi litoke, saa kumi narudisha kitandani. Linasubiri Oktoba.